IPS ya kiwandani: kabla ya kuuliza chapa, uliza itakaa wapi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni injinia wa umeme katika kiwanda cha vinywaji baridi hapa Dar es Salaam. Tuna laini tatu za kujaza chupa. PLC, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, nyingi ni Siemens S7-300, chache ni S7-1500, na kompyuta za SCADA, za kusimamia uzalishaji kwenye skrini, bado zina Windows 7. Mtambo wa kupoza unatumia amonia. Mwaka jana virusi vya kudai fidia viliingia idara ya uhasibu, na sasa uongozi umetenga fedha za kununua mfumo wa kuzuia uvamizi wa mtandao, yaani IPS. Tuna profoma tatu, zote zimetaja modeli, kasi na leseni bila mchoro wa mtandao wetu: ya kwanza ni ya wakala wa kampuni kubwa ya fayawoli, ya pili ni ya kampuni inayohusika na mitandao ya viwandani tu, na ya tatu ni ya vijana wa hapahapa wanaotumia programu huria ya Suricata, ambao bei yao ni ya chini kuliko zote. Mkuu wa TEHAMA anaitaka ya kwanza. Mimi naogopa laini zisije zikasimama. Bosi anataka tusaini kabla ya Juni 30. Tuchague ipi?

JIBU: Marahaba, Injinia. Hiyo hofu yako usiione haya mbele ya mkuu wa TEHAMA, maana ndiyo kigezo cha kwanza cha ununuzi huu. Ofisini, IPS ikizuia pakiti (kipande cha data) halali kwa makosa, mhasibu anabofya tena na maisha yanaendelea. Kwenye laini ya kujaza, kosa hilohilo linasimamisha mota, chupa zinarundikana kwenye konveya, na juisi iliyokuwa inapita kwenye joto inabidi imwagwe. Kwa hiyo jedwali la kila muuzaji linaloonyesha anazuia mashambulizi mangapi liweke kando kwanza. Mtafute yule ambaye kifaa chake kikikosea, au kikifa saa nane usiku, unajua tangu sasa ni kitu gani kitasimama na nani atakuja kukitengeneza.

Na hilo hulijui mpaka ujue kifaa kitakaa wapi. Kwa maelezo uliyonipa, profoma zote tatu zinataja modeli, kasi na leseni, lakini hakuna hata moja iliyoambatana na mchoro wa mtandao wa kiwanda chenu. Mtu anayekuuzia kizuizi bila kuona njia anauza boksi tu.

Mahali pa kwanza, na pa lazima, ni mpakani kati ya ofisi na kiwanda. Huko ndiko virusi vya uhasibu vingepitia kuja kwenye SCADA. Kumbuka yaliyoipata Norsk Hydro ya Norway, kampuni ya aluminiamu, tarehe 19 Machi 2019: virusi vya LockerGoga vilisambaa kwenye kompyuta za kampuni katika nchi nyingi, viwanda vingine vikalazimika kuendeshwa kwa mkono na karatasi, na hasara ikafikia mamia ya mamilioni ya krona. Wavamizi hawakuhitaji kujua lolote kuhusu PLC. Ilitosha kwamba kompyuta za ofisini na za uzalishaji zilikuwa zinategemeana. Mfululizo wa viwango vya IEC 62443, vya usalama wa mitandao ya viwandani, unataka mtandao ugawanywe kwa kanda, na kila njia ya kutoka kanda moja kwenda nyingine ijulikane na ilindwe. Katikati ya ofisi na kiwanda panakuwa na ukanda wa kati, ambamo seva ya ripoti na seva ya masasisho hukaa, ili kusiwe na kompyuta ya ofisini inayoongea moja kwa moja na SCADA.

Hapo mpakani IPS inafanya kazi yake vizuri. Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu Januari 14, 2020, na wewe na mimi tunajua hamtabadilisha hizo kompyuta mwaka huu, kwa sababu programu ya SCADA iliyomo imefungwa na toleo hilo. IPS inayotambua shambulio linalopita poti 445 (mlango wa Windows wa kugawana mafaili), lile lililobeba virusi vya WannaCry mwaka 2017 na kusimamisha baadhi ya viwanda vya Renault, inawapa kinga ambayo Windows yenyewe haiwapi tena. Na kwa mahali hapa, mimi nataka kifaa kikifa kifunge njia, kisiiache wazi. Kiwanda kinapaswa kuweza kuzalisha bila ofisi kwa saa kadhaa.

Je, chenu kinaweza? Usijibu kwa kukisia. Siku ya matengenezo, laini zikiwa zinaendeshwa kwa majaribio, chomoeni waya unaounganisha ofisi na kiwanda, mkae nusu saa mtazame nini kinalia. Mara nyingi ni printa ya kuchapa tarehe ya mwisho wa matumizi, inayosubiri namba ya bechi kutoka seva ya ofisini. Wakati mwingine ni fomula ya kuchanganya sharubati. Kila kitakacholia kiandikeni, kwa sababu hiyo ndiyo orodha ya mawasiliano ambayo IPS haitakiwi kuyagusa, na hakuna muuzaji anayeweza kukuandikia.

Kwa kiwanda cha vinywaji cha Tanzania kuna njia nyingine ambayo muuzaji wa kutoka nje hataiwaza kabisa: mitambo ya stempu za kodi za kielektroniki, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019. Iko juu ya laini zenu, inahesabu kila chupa, inatuma taarifa TRA, na nyinyi si wenye mamlaka ya kuibadilisha. Ulizeni inatoka nje kwa njia gani, iwekwe kwenye kanda yake peke yake, na msiweke kanuni yoyote ya kuzuia mawasiliano yake kabla ya kuzungumza na wahusika. IPS ikiikata kwa makosa, laini itakuwa nzima na bidhaa hazitatoka getini.

Sasa mahali ambapo sitaki uweke IPS, hata ukipewa bure: kati ya PLC na vifaa inavyoviendesha. PROFINET ya kasi, njia wanayoongelea, haipiti hata kwenye IP, utaratibu wa kawaida wa mitandao. PLC inabadilishana data na kidhibiti cha mota kila baada ya milisekunde chache, na kwa kawaida mizunguko mitatu ikipita bila data, kifaa kinahesabu kwamba mawasiliano yamekatika na kinaingia katika hali ya usalama. Mzunguko ukiwa wa milisekunde 2, una milisekunde 6 tu. Kifaa kinachosimamisha pakiti ili kikague, hata kama kwa wastani kina haraka, siku moja kitachelewa kidogo wakati wa kupakia kanuni mpya, na fundi wa zamu atatafuta tatizo kwenye mota usiku kucha bila kulipata. Ndiyo maana ile namba ya gigabiti kwa sekunde iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye profoma hainisumbui. Data ya kiwanda chenu ni ndogo. Muulizeni ucheleweshaji, tena ule wa juu kabisa na si wa wastani, kanuni zote zikiwa zimewashwa.

Amonia na boila ni habari nyingine. Mifumo ya kuzima kwa dharura isipite kwenye kifaa chochote cha kuzuia, na ikiwezekana isiwe na njia ya mtandao kabisa. Mwaka 2017, katika kiwanda cha petrokemikali Saudi Arabia, wavamizi walifika hadi kwenye vidhibiti vya usalama vya Triconex kwa programu iliyokuja kuitwa Triton. Mojawapo ya mambo yaliyowasaidia ni swichi ya ufunguo ya kidhibiti kuachwa kwenye nafasi ya kupokea programu. PLC zenu zenye swichi ya namna hiyo, kesho asubuhi zizungusheni kwenye RUN na ufunguo ukae kwa msimamizi wa zamu. Hilo halihitaji profoma.

Mahali pa tatu ni kati ya laini na laini, na hapa ndipo pana mjadala. Agosti 2018, TSMC ya Taiwan, watengenezaji wa chipu, walisimamisha viwanda vyao kadhaa kwa sababu mashine mpya iliunganishwa kwenye mtandao kabla ya kukaguliwa, ikiwa na aina ya WannaCry ndani yake. Ilipoingia, ikasambaa kwa mashine nyingine za Windows 7 zisizo na viraka, yaani masasisho ya kuziba matundu. Hakuna IPS ya kwenye intaneti ambayo ingeona kitu, maana virusi viliingia na mashine, ndani ya sanduku. Nyinyi mna laini tatu na mafundi wa nje wanaokuja na laptop zao. Kama mtandao wa laini zote ni mmoja, mgonjwa mmoja anawaambukiza wote. Kwa hiyo nakushauri mtenganishe laini kwa swichi mlizonazo kwanza, kisha muweke kifaa cha kusikiliza tu: kinapokea nakala ya data kutoka kwenye swichi, kinakuambia kuna nini, hakizuii chochote. Kuzuia kati ya laini kuje baadaye, kwa kifaa chenye relei ya kupitisha waya moja kwa moja umeme ukikatika. Usiridhike na neno “kinayo” kwenye jedwali. Mwambie mtu wa mauzo achomoe umeme wa kifaa mbele yako, data ikiwa inapita, mtazame kwenye SCADA nini kinatokea.

Na mkisema kusikiliza, iwe kusikiliza kweli. Baadhi ya mifumo hutuma maswali kwenye mtandao ili kutambua vifaa, na PLC za zamani hazipendi kuulizwa ovyo. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, namba 800-82 uliwahi kusimulia mkono wa roboti wa futi 9 uliozunguka nyuzi 180 ghafla kwa sababu mtu alikuwa anatuma ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo) kwenye mtandao wake, na kulikuwa na mtu ndani ya chumba. Kipengele hicho kizimwe, na kwenye mkataba iandikwe kwamba hakiwashwi bila saini yako.

Tuje kwenye uwezo wenyewe. Lugha za mawasiliano za viwandani ni za zamani: Modbus ni ya mwaka 1979, na S7, lugha ya PLC zenu za zamani, haina uthibitisho wa maana wa nani anatuma amri. Anayefika kwenye poti 102 na anajua lugha anaweza kuisimamisha PLC. Muuzaji anayesema “tunaunga mkono S7” anaweza kuwa anamaanisha tu kwamba anaijua namba ya poti. Huyo ni mlinzi anayesoma namba ya gari na kulifungulia geti. Unayemhitaji anafungua buti: anatofautisha kusoma thamani, kuandika thamani, kupakia programu mpya na kuamuru PLC isimame, na anaweza kuruhusu la kwanza kwa SCADA huku la tatu na la nne akiliruhusu kwa kompyuta yako ya uinjinia peke yake. Jaribio lake ni dogo. Chukua S7-300 ya akiba stoo, iunganishe na kifaa chake mezani, kisha tuma amri ya kusimama kutoka kwenye laptop isiyo na ruhusa. Fanya hivyo pia kwa kuandika thamani nje ya kiwango, mathalani halijoto ambayo mtambo haupaswi kuifikia. Atakayeomba muda “akaulize makao makuu” amekwisha kujibu.

Kwa S7-1500 zenu, akwambie ukweli mmoja: zikiwa na programu za matoleo mapya, mawasiliano na kompyuta ya uinjinia yanaweza kusimbwa (kufichwa kwa msimbo), na kilichosimbwa IPS haioni ndani yake. Hapo ulinzi unarudi kwenye nani anaruhusiwa kuunganishwa, nenosiri la PLC yenyewe, na mahali laptop ya uinjinia inapolala usiku. Muuzaji akikuahidi kuona kila kitu, mpunguzie alama.

Basi profoma zako. Ya kwanza, ya kampuni kubwa ya fayawoli, ndiyo inayofaa mpakani. Fortinet, Palo Alto Networks, Cisco na Check Point wote wana vifaa vinavyoiweza kazi hiyo, na tofauti zao mpakani ni ndogo kuliko tofauti ya mawakala wanaowauza hapa. Kama kifaa kitakaa kwenye paneli na si kwenye chumba cha seva chenye kiyoyozi, dai modeli ya viwandani: umeme wa volti 24, reli ya DIN (ya kupachikia vifaa ndani ya paneli), bila feni. Kifaa cha ofisini kilichopimwa kwa nyuzi 40 hakiwezi kudumu kwenye paneli ya Dar mwezi Februari, karibu na mvuke wa kuoshea chupa.

Ya pili sijui ni ya nani, lakini kama ni ya jamii ya Nozomi Networks, Claroty au Dragos, fahamu kwamba nguvu yao ni kuona na kutambua, kuzuia wanategemea fayawoli ya mtu mwingine. Ni nzuri kwa ile kazi ya kusikiliza kati ya laini, ila bei yao imepangwa kwa viwanda vikubwa kuliko chenu, na wanaotengeneza boksi dogo la kukaa njiani ni wengine, kama TXOne. Usilinganishe bei yao na ya kwanza kana kwamba wanauza kitu kimoja.

Ya tatu usiitupe kwa sababu ni rahisi. Suricata ni injini ya kuaminika, inazisoma lugha za viwandani za Modbus, DNP3 na EtherNet/IP, na inatumika duniani kote. Tatizo ni kwamba PLC zenu zinaongea S7, na hapo vijana wenyewe inabidi waandike kanuni na waonyeshe kwamba zinafanya kazi. Waulize: akiondoka aliyeandika kanuni, nani ataendelea? Kanuni ni mali ya nani? Wakijibu vizuri, ningewapa kazi ya kusikiliza kwa mwaka mmoja, maana injini yenyewe haina leseni ya kulipia na watu wenyewe wanafika kiwandani kwa bodaboda. Mpakani nisingewaweka bado. Kwa hiyo jibu langu ni mawili kwa pamoja: ya kwanza mpakani, ya tatu ndani kwa kusikiliza, ikiwa itafaulu majaribio ya meza. Ya pili irudi bajeti ikikua.

Kuna mambo ya mkataba ambayo mawakala huyapitisha haraka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 hivi, na halikuwa shambulio. IPS nayo hupokea alama mpya za kutambua mashambulizi kila mara. Dai uwezo wa kuchelewesha masasisho, kuyapitisha ofisini kwanza, na kuyaleta kiwandani siku unayoitaka wewe, yakipitia ukanda wa kati na si moja kwa moja kutoka intaneti. Alama mpya zote ziingie kwa hali ya kuonya tu. Kuzuia mtawasha nyinyi, moja moja.

Pili, kifaa cha ulinzi chenyewe ni lango. FortiOS ya Fortinet ilipata tundu lenye namba CVE-2022-42475, PAN-OS ya Palo Alto ikapata CVE-2024-3400 Aprili 2024, vifaa vya Cisco ASA navyo vikavamiwa mwaka huohuo, na matundu yote hayo yalitumiwa na wavamizi kabla wateja hawajapata kiraka. Hakuna chapa safi ya kukimbilia. Unachopima ni muuzaji alitangaza lini, kiraka kilikuja lini, na wakala wako aliwapigia simu wateja wake siku gani. Muombe akuonyeshe ujumbe aliowatumia. Na ukurasa wa kuendeshea kifaa usionekane kamwe kutoka intaneti.

Tatu, akiba. “Tutabadilisha siku inayofuata ya kazi” ni ahadi nzuri mpaka uulize boksi la akiba liko mji gani. Likiwa Dubai au Nairobi, kuna ndege na kuna forodha. Andikeni kwenye mkataba kwamba kimoja kiko Dar, au nunueni viwili na cha pili kikae stoo kikiwa na mipangilio tayari. Uliza pia leseni ikiisha kinatokea nini: baadhi ya vifaa huendelea kwa alama za zamani, vingine hupoteza huduma fulani. Bei ya leseni hufuata dola, kwa hiyo ipatanisheni ya miaka mitatu sasa, mkiwa bado mna nguvu ya kukataa.

Na kabla ya yote hayo, TeamViewer, programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Najua ipo, mtaalamu wa mashine ya kujaza aliiweka wakati wa usimikaji na haikuondolewa. Machi 1, 2022 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 nchini Japani kwa sababu msambazaji wake, Kojima, alivamiwa, na mlango ulikuwa kifaa cha kuunganishwa kwa mbali cha kampuni tanzu yake. IPS haizuii mgeni mliyemwachia ufunguo. Muunganiko wa mbali upitie mpakani, kwa uthibitisho wa hatua mbili, ufunguliwe kwa kibali cha zamu na ufungwe kazi ikiisha. Huyohuyo mjenzi wa mashine mwandikieni barua kuhusu kifaa chochote mtakachoweka njiani, ili baadaye asiseme mmevunja dhamana.

Kuhusu Juni 30: mwambie bosi fedha za mwaka huu mnaweza kuzifunga kwa oda yenye sharti, na siyo kwa kupokea mfumo. Oda itaje majaribio ya meza, wiki nne za kusikiliza bila kuzuia zikihusisha angalau usafishaji mmoja mkubwa wa mitambo na mabadiliko ya bidhaa kwenye kila laini, na malipo ya mwisho yatoke baada ya hapo. Wiki nne si za kumridhisha mkaguzi. Kuna amri ambazo PLC zenu hutuma mara moja kwa mwezi tu, na IPS ambayo haijawahi kuziona itazihesabu kuwa uvamizi. Kabla hujasaini, andika pia jina la mtu atakayesoma maonyo kila asubuhi. Kama ni wewe, upunguziwe kazi nyingine, na hilo nalo liingie kwenye bajeti.